Kumpima Babu kwa Uzi

Senje yangu, yaani dada mkubwa wa baba, hakuliamini neno pole. Alilitamka kwa sababu alikuwa mtu aliyelelewa, lakini alilitamka haraka, kisha akaenda kutafuta sindano zake za kufumia. "Pole hailiki wala haivaliki," alikuwa akisema. Kwa hivyo mtu yeyote wa ukoo wetu aliyepatwa na jambo, kuanzia kwetu Shinyalu hadi Malava alikoolewa yeye, alijua kwamba baada ya machozi kungekuja kitu cha sufu.

Alijua pia kwamba kitu hicho hakingemtosha. Baba alipopunguzwa kazini, senje alimletea sweta lenye mikono mirefu kupita mikono ya binadamu. Baba aliikunja mara kadhaa, na kwa mwaka mzima alionekana kama mtu aliyevimba vifundo. Mama alipotoka hospitalini baada ya kupasuliwa, alipata sweta ambalo wangeweza kuingia yeye na daktari wake. Jirani mmoja aliyefiwa na ng'ombe wa maziwa alipewa kofia iliyomshuka hadi kwenye nyusi, na waliomwona njiani wakadhani ni majonzi. Mimi nilipoanguka mtihani wa kidato cha nne nilifumiwa soksi, na hadi leo naamini zilifumwa kwa ajili ya watu wawili tofauti. Hakuna aliyelalamika. Mchagua jembe si mkulima, na isitoshe ukivaa kitu cha senje ulijua kwamba kuna mtu aliyekaa chini akakuwaza safu baada ya safu. Nilizivaa soksi zile mpaka zikatoboka.

Tatizo lilikuwa vipimo. Senje hakumpima mtu. Kwetu kuna kupima kwa aina mbili. Fundi wa nguo sokoni hukupima ukiwa umesimama, mchana, huku mkibishana kuhusu kiuno, na hilo halina neno. Lakini mtu aliyelala hapimwi ila akiwa amekufa. Ndugu mmoja huingia chumbani na kamba au uzi, akaunyoosha kutoka utosini hadi kisiginoni, akafunga fundo, akautia mfukoni na kupanda baiskeli kwenda kwa seremala. Uzi ule haurudi nyumbani. Kwa sababu hiyo hata mama, akimfunika mtoto aliyelala, hakulinyoosha blanketi kuanzia kichwani. Alilitupa tu, likaangukia lilipoangukia. Senje alikuwa amezidisha. Yeye hakumpima hata aliyesimama. Alikadiria kwa macho, kanisani, akiwa ameketi benchi la nyuma yako wakati wa maombi, na kama siku hiyo uliinama sana, sweta lako lilikuwa fupi.

Mimi niliyaona haya yote kuwa ujinga. Nilikuwa nimemaliza shule kwa matokeo niliyokwisha kuyataja, na baba alikuwa amenipeleka Kakamega mjini kujifunza kufuma kwa mashine kwa mama mmoja aliyetengeneza masweta ya shule nyuma ya soko. Yule mama alikuwa na sheria moja: bila kipimo hakuna sweta. Kila jioni nilirudi nyumbani futi kamba ikiwa shingoni, nikiwa nimesahau kuivua, au nikijifanya nimesahau. Senje akija kututembelea aliitazama kama nimeleta nyoka aliyekufa. Hatari hakuna, lakini ya nini.

Ndipo nyanya akafariki.

Alikuwa ameugua kwa muda na sote tulijua, ila kujua hakusaidii kitu. Siku zote za matanga babu alikaa kando ya jeneza, macho makavu. Kabla halijafungwa alisimama, akavua koti lake, koti zito jeusi alilokuwa nalo tangu kabla baba yangu hajaoa, akalitandaza juu ya nyanya na kuzisawazisha kola. Alisema huyu mwanamke alikuwa anasikianga baridi. Hakuna aliyemzuia. Koti lile ndilo lililokuwa nguo yake ya pekee ya joto, na kwetu, kwa asiyekujua, ni karibu na msitu; asubuhi ukungu hutoka kwenye miti na kuingia jikoni bila kubisha hodi.

Wageni walipoondoka na viti vya kukodi vikarudishwa, babu aliingia chumbani, akalala, na hakutoka. Hakuwa mgonjwa. Mganga wa zahanati alimsikiliza kifua akasema ana moyo wa kijana. Alikunywa uji kidogo akibembelezwa, akamega obusuma, yaani ugali, kiasi cha kumridhisha aliyemletea, kisha akageukia ukutani. Baba alimletea redio. Akasema izimwe, betri zitaisha. Mama alimletea blanketi jipya. Akasema apewe mtu anayelihitaji. Alipoombwa atoke kidogo aote jua, alijibu kwamba atasimama siku ya parapanda. Na kila asubuhi alikuwa mdogo zaidi chini ya shuka. Tuliogopa, sina neno jingine. Tulikuwa tumetoka tu kumzika mmoja, na huyu wa pili alikuwa akiondoka mbele ya macho yetu bila hata ugonjwa wa kupigana nao.

Senje alikuwa amekuja kwa mazishi na hakurudi Malava. Baada ya muda mumewe alituma mtu kuuliza, kwa adabu, kama bado ana mke. Senje akamjibu kwamba anaye, ila ana kazi. Kazi yenyewe ilikuwa sweta la babu. Alikwenda sokoni akachagua masweta mawili ya mitumba, ya rangi ya damu ya mzee, akayafumua yote mawili, akauosha uzi, akauzungusha kwenye mgongo wa kiti ukauke, akauviringa madonge. Hivyo ndivyo alivyopata uzi siku zote. Nilimwambia kwamba mjini kuna uzi mpya, na kwamba kwa mashine ningemaliza sweta zima kabla yeye hajamaliza mkono. Alisema mashine haimjui babu, na uzi mpya haujazoea watu.

Sweta lilikuwa siri. Hiyo nayo ilikuwa desturi yake: zawadi ya pole haitangazwi, kwa sababu mwenye huzuni ukimwuliza kama anataka kitu atasema hataki. Babu aliyekataa redio na blanketi angelikataa sweta kabla halijaanza.

Lakini safari hii macho yalimkataa. Babu hakwenda kanisani, hakuinama, hakusimama. Alikuwa umbo tu chini ya blanketi, na umbo lenyewe lilikuwa likipungua. Senje alianza mgongo, akauinua mbele ya dirisha, akaufumua. Akaanza tena, akafumua tena. Nguo za babu hazikusaidia: mashati yake yote yalikuwa ya mitumba, kila moja la kimo cha mzungu wake, na koti, ambalo ndilo lingetuambia ukweli, lilikuwa chini ya ardhi. Siku moja nilimkuta jikoni, sindano mapajani, hafumi. Alisema bila kunitazama kwamba yeye hawezi kumfumia huyu kitu kisichomtosha. Wengine sawa. Lakini huenda hili likawa la mwisho, na hakutaka la mwisho limpwaye baba yake.

Nikavua futi kamba nikamnyooshea. Akakataa kuigusa. Nilimwambia kupima sweta na kupima ubao wa jeneza si kitu kimoja. Alisema futi kamba ina namba, na namba zinaita. Tulibishana mpaka mboga zikaungua, na hatimaye tukaafikiana jambo ambalo nikilikumbuka nashangaa kwamba watu wazima wawili walilifikia wakiwa na akili timamu: tungetumia uzi. Uzi ule ule wa sweta. Senje alieleza kwamba mtu akitumia uzi hapimi, analinganisha. Kama kuna mmoja wetu aliyekumbuka ni kitu gani hasa kinachopelekwa kwa seremala mfukoni, hakusema. Senje alikuwa na udhuru wake. Maisha yake yote alikuwa akitoka nje marehemu anapopimwa, na pengine alidhani huko ndani hutumika kitu cha kutisha zaidi.

Tuliingia baada ya chakula cha mchana. Babu alikuwa amefumba macho. Senje alishika ncha moja begani, mimi nikaunyoosha uzi hadi nyongani, tukafunga fundo. Tukalinganisha mkono. Tukalinganisha kifua, kwa taabu, tukiupitisha uzi chini ya mgongo wake kama wezi. Katikati ya shughuli babu alijigeuza akalala chali, akanyoosha miguu yote miwili, akakutanisha visigino, akailaza mikono ubavuni. Tulishukuru kimoyomoyo. Tulidhani ni usingizi, na kwamba bahati ilikuwa upande wetu.

Asubuhi iliyofuata babu aliamka akaomba maji moto.

Mama alimwuliza ya nini. Ya kuoga, akasema. Alioga, akavaa shati safi, akaketi mezani, akala viazi vitamu na chai, akaomba aongezewe. Alisema ana mambo mengi ya kufanya na safari haianzwi na njaa. Hatukuuliza safari gani. Tulikuwa tunayatazama mataya yake. Baba alisimama mlangoni machozi yakimtoka, na hakuyafuta. Senje alinikanyaga mguu chini ya meza. Sweta lilikuwa halijafika hata nusu ya mgongo na tayari lilikuwa limefanya kazi.

Tangu siku hiyo babu akawa mtu wa shughuli. Alimchukua baba akamtembeza mpakani mwa shamba, akimwonyesha kila mti wa mpaka na kumrudisha nyuma pale alipotazama kwa haraka. Alikwenda kwa jirani ambaye hawakuwa wamesalimiana tangu nikiwa mtoto, kwa sababu ya mkalitusi uliokuwa ukitupa kivuli kwenye mahindi yetu. Alimwambia yaishe. Jirani alishtuka hata akachinja ingokho, jogoo mzima, na babu akarudi jioni ameshiba, akisema yule mtu si mbaya, ni mti tu. Alikwenda kwa mchungaji kumshukuru kwa kila kitu, jambo lililomtia mchungaji wasiwasi. Mimi alinipa kisu chake kidogo akaniambia kinafaa kukatia nyuzi. Tukasema huzuni imemtoka. Tulimsifu senje waziwazi, naye hakukataa kusifiwa.

Kisha akaja seremala.

Huyu alikuwa na karakana pale kituoni Shinyalu, akitengeneza vitanda, milango na hayo mengine. Aliegemeza baiskeli ukutani, akakataa chai, akavua kofia. Tulikuwa barazani, senje akifuma na mimi nikimviringia uzi. Alituuliza habari za shamba, na za mvua, na za watu wa Malava, akazimaliza salamu zote zilizoko, ndipo akasema:

"Mama, mzee ameniagiza sanduku lake. La mvule. Mkalitusi hataki, anasema unapasuka. Urefu amesema niulize hapa kwenu, kwamba kipimo mlichukua wewe na huyu msichana."

Senje alimjibu ukweli mtupu. Alisema kipimo kimeshafumwa.

Seremala ndiye aliyeelewa kwanza. Aliutazama uzi mapajani mwa senje, akaitazama nyumba, akaketi, akaomba ile chai aliyoikataa. Mimi nilichelewa kidogo, halafu yote yakanijia kwa pamoja: maji moto, mpaka, jirani, mchungaji, kisu. Babu hakuwa amelala siku ile. Alikuwa amefumba macho tu, akausikia uzi begani, akajua kwamba watoto wake wameona wakati umefika. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuwapa watu kazi ngumu, alijinyoosha ili wapate urefu sawasawa. Senje aliliweka sweta chini, akakaa na mikono mitupu. Sikuwa nimewahi kumwona ameketi hivyo.

Jioni tulikutana jikoni na baba. Senje alitaka tumwambie babu pale pale. Alisema ni dhambi kumwacha mtu azunguke akiaga majirani bure. Baba akakataa. Alisema anajua si vizuri, lakini tangu mazishi hakuwa amemwona baba yake akimaliza sahani, na kama kinachomlisha ni jeneza, basi jeneza na liwe. Mimi niliulizwa maoni kwa vile nilishika ncha ya pili ya uzi. Nilisema akijua ni sweta atarudi kitandani. Kitu kilichofumwa ili babu akae nasi ndicho sasa kingemgeuza tena ukutani, na kila safu ilitusogeza karibu na siku hiyo.

Basi tukamwomba seremala aseme mbao hazijakauka. Hakudanganya sana, mvule huchukua muda wake. Babu alipoambiwa alisema hata yeye mwenyewe hajakauka, atangoja. Lakini hakuwa mtu wa kuamini mafundi. Alianza kwenda kituoni kukagua. Alizigonga mbao kwa kidole, akasikiliza, akatikisa kichwa, akarudi nyumbani akinung'unika. Njia ya kwetu hadi kituoni ina kilima ambacho hata mwenye baiskeli hushuka akaisukuma. Babu alikipanda kwa fimbo, na baadaye fimbo akaisahau nyumbani. Wazee wenzake walianza kumngojea pale karakana, wakamtolea kigogo chake cha kukalia, na mazungumzo yakawa yanamchelewesha hadi chakula cha mchana. Mashavu yakajaa. Sijaona tena mtu akinawiri namna ile kwa kufuatilia jeneza lake.

Na kwa kuwa sasa jambo lilikuwa wazi, kwa maoni yake, alianza kutuagiza mezani. Alisema wapigaji wa ngoma za isukuti waje mapema, si kama kwa nyanya ambapo walifika watu wakiwa wameshaanza kulala. Alisema shemeji yake fulani asipewe nafasi ya kuhutubia, kwani akianza na Mwanzo hamalizi kabla ya Ufunuo. Baba aliitikia ndiyo, ndiyo, akitazama sahani. Mama alimwongezea mboga. Ukitusikiliza kwa nje ungedhani tunapanga harusi, na mimi, ambaye sikulala vizuri siku hizo, mara mbili nilikaribia kusema kila kitu na mara mbili nikaomba chumvi badala yake.

Senje naye, aliyekuwa na mikono ya haraka kuliko mtu yeyote niliyemjua, akaanza kufuma polepole. Alifumua mkono mzima kwa sababu ya kitanzi kimoja kilichoruka, ambacho zamani angekiacha na kukiita urembo. Alibadilisha kola. Aliamua sweta liwe la vifungo, kisha akashindwa kuchagua vifungo. Mumewe alituma mtu mwingine kutoka Malava, na huyu hakuwa na adabu kama wa kwanza.

Kilichoamua ni baridi. Julai iliingia na ukungu wake, jua likawa halionekani hadi karibu adhuhuri, na babu akaenda kukagua mbao zake akiwa na shati tupu. Alirudi na kikohozi. Kikohozi kikashuka kifuani, naye bado alitaka kwenda, kwa kuwa seremala alikuwa amekosa la kusema akamwahidi kwamba ataanza kupiga randa. Senje alimsikiliza akikohoa huku anafunga viatu. Alisema hatuwezi kumwacha mtu afe kwa baridi eti tunaogopa kumharibia mipango ya kufa. Alichukua sindano, akakaa dirishani tangu chai ya asubuhi, hakuinuka hata kwa chakula, na kabla wiki haijaisha sweta lilikuwa limekamilika, vifungo na yote.

Tulimpa Jumapili baada ya kanisa, barazani, kwenye jua dogo lililokuwepo. Senje alikuwa amelikunja ndani ya kitambaa. Babu alikipokea kifurushi kwa mikono miwili, akakiweka magotini, akakifungua. Alilishika pindo la sweta kati ya vidole vyake, akalisugua kidogo.

"Huu uzi naujua," akasema.

"Ndiyo, baba," senje akasema. "Ndio ule."

Alilitazama kwa muda mrefu. Baba alikohoa bila kuwa na kikohozi. Mimi nilitazama kuku waliokuwa wakichakura uani, kwa sababu ilinibidi kutazama kitu. Babu alipoanza kusema, alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza habari za mvua.

"Mliponiwekea huu uzi kwa bega, mimi nilifurahi. Nikasema haya, watoto wameona. Mama yenu hapendangi kungoja. Nikasema sasa nakwenda, hata koti langu nitalikuta huko."

Mpaka siku hiyo sikujua kwamba mtu mwenye akili zake zote anaweza kulifurahia jambo hilo. Kile tulichokiita kupona kilikuwa haraka ya mtu anayefunga mizigo, nasi tulikuwa tumekishangilia na kumwongezea mboga. Nilipata uchungu ambao hata makaburini sikuupata.

"Nimeshaaga watu," babu akaendelea. "Mpaka mchungaji. Nimekula kuku ya yule mtu. Sasa nitasema nini?"

Baba akasema watu wataelewa. Babu hakugeuka. Alikuwa anamtazama senje, mtoto wake wa kwanza, na ikaonekana wazi kwamba majirani sio aliokuwa akiwawaza.

"Na mama yenu? Yeye anangoja. Yeye nitamwambia nini?"

Senje alipiga magoti mbele ya kiti. Machozi yalikuwa yakimtiririka lakini mikono ilikuwa kazini. Alichukua sweta, akafungua vifungo vyote, akalishika wazi mbele yake jinsi anavyoshikiwa mtoto nguo ya kuvaa.

"Mwambie ni mimi nilikukataza," akasema. "Mwambie ulitaka kuja, mtoto wako akakataa. Akikasirika, anikasirikie mimi."

Jirani wa mkalitusi alipita barabarani, akasalimia kwa mbali, hakuitikiwa, akaenda zake. Kisha babu akanyoosha mkono mmoja ukaingia. Akanyoosha wa pili. Senje akafunga vifungo kuanzia chini, taratibu, na kila kimoja kikakaa mahali pake. Bega lilifika begani, na mkono uliishia kwenye kifundo cha mkono. Katika kila alichowahi kufuma senje, hiki ndicho cha kwanza kilichomtosha mtu.

Babu alijitazama kifuani. Alisema linamtosha. Halafu akalia, yeye ambaye hakuwa ametoa chozi siku zote za matanga. Alilia kwa sauti, mikono yake ikiwa juu ya kichwa cha senje, akimwita nyanya kwa jina la usichana wake ambalo sisi wengine hatukuwahi kulisikia, akimwomba angoje kidogo, angoje kidogo tu, hawa watoto bado.